Mzigo Haujaingia: Foleni ya Simu Mpya Hupangwa na Nani?

Kila ifikapo Septemba, Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo hupata neno jipya la kuulizia. Mwaka 2022 neno lilikuwa "fotini promaksi," yaani iPhone 14 Pro Max. Nilikuwa nimesimama kwenye kimeza cha kijana anayenibandikia protekta, na katika muda wa protekta moja, dakika tano ukihesabu na kufuta vumbi, walipita watu watatu wakiulizia simu hiyohiyo. Jibu lilikuwa moja: "Bosi wangu, mzigo haujaingia." Wa tatu, mwenye funguo za gari mkononi, hakuridhika. Winga mmoja, dalali wa mtaani, akamvuta pembeni na kumnong'oneza bei. Yule bwana akacheka kicheko cha mtu aliyetukanwa, kisha akauliza kama kesho ataipata.

Vijiweni maelezo ya jambo hili ni ya siku nyingi: wanabana makusudi ili tuigombanie. Nimeyasikia kwa dereva wa bodaboda na nimeyasikia kwa watu wenye digrii mbili. Yana ukweli kidogo, na nitaufikia. Lakini kama maelezo ya jumla ni ya kivivu. Mfanyabiashara mwenye wateja mlangoni, fedha mkononi, naye hana cha kuwapa, hana furaha yoyote. Muulize muuza chipsi aliyeishiwa viazi saa moja jioni.

Ninavyoona mimi, uhaba wa siku za mwanzo ni hesabu iliyopigwa mapema na watu wenye akili timamu, wakijua kabisa kwamba haitatosha. Na ndani ya hesabu hiyo kuna mahali mtu ameandika nani atangulie na nani asubiri.

Tuanze kiwandani. Simu ya kisasa hukusanywa kutoka kwa mamia ya wauzaji: kioo kwa huyu, kamera kwa yule, chipu kutoka Taiwan, memori kutoka Korea Kusini. Kile kiwanda cha mwisho tunachokiona kwenye picha, chenye safu za vijana waliovaa kofia nyeupe, kazi yake kubwa ni kuunganisha, kukaza skrubu na kupima. Kwa hiyo kasi ya simu kutoka haiamuliwi na wingi wa mikono iliyopo pale; inaamuliwa na kipuri kinachochelewa kuliko vyote. Ukiwa na betri milioni kumi, kamera milioni kumi na vioo milioni mbili, una simu milioni mbili na ghala lililojaa vitu ulivyokwisha kuvilipia. Wapishi wa shughuli wanaijua hali hii: nyama ipo, viungo vipo, kuni zinawaka, mchele uko njiani.

Na kipuri kinachochelewa karibu kila mara ni kile kipya, kilekile kilichopambwa kwenye tangazo. Kitu kipya huharibika sana kiwandani. Chukua kamera ambayo lazima ipite hatua 100 mpaka ikamilike, na kila hatua ifaulu mara 99 katika 100. Ukiisikia hivi, hiyo ni kazi safi. Sasa zidisha 0.99 kwa yenyewe mara mia: zinazofika mwisho zikiwa nzima ni kama 37 katika kila 100. Pandisha kila hatua ifikie asilimia 99.9 na utapata 90. Mashine ni zilezile na watu ni walewale. Kilichoongezeka ni wiki kadhaa za kurekebisha, kupima, kutupa na kurekebisha tena. Wiki hizo ndizo huangukia kwenye uzinduzi, kwa sababu tarehe ya uzinduzi hupangwa na watu wa mauzo.

Mifano ipo ya kutosha. Juni 2010 Apple ilitangaza iPhone 4 ya rangi mbili. Nyeusi ikaingia sokoni mwezi huohuo. Nyeupe ilikuja mwishoni mwa Aprili 2011, na kampuni ilikuwa imekiri kwamba kuitengeneza kumekuwa kugumu kuliko ilivyotarajia. Rangi tu, miezi kumi! Mwaka uleule wa 2010 HTC ya Taiwan ilikuwa na simu iliyopendwa sana, Desire, yenye kioo cha AMOLED kutoka Samsung. Samsung nayo ilikuwa inazindua Galaxy S yenye kioo cha ukoo huohuo. Msomaji ameshajua nani alikosa vioo. HTC ililazimika kuhamia kioo cha aina nyingine kutoka Sony, simu ikiwa tayari iko sokoni. Mwaka 2012 iPhone 5 iliuzwa milioni 5 katika siku tatu za kwanza, kisha ikaadimika; mwezi Novemba Terry Gou, bosi wa Foxconn inayoiunganisha, aliwaambia waandishi wa habari kwamba simu ile si rahisi kuitengeneza na kwamba walikuwa wanashindwa kufikia mahitaji. Huyo ni mtu ambaye mapato yake yanategemea kutoa simu nyingi kadiri iwezekanavyo. Sioni faida ya yeye kuigiza.

Kisha iPhone X ya mwaka 2017, ambayo kwangu ndiyo somo safi kuliko yote. Ilikuwa na mambo mawili mapya kwa Apple: kioo cha OLED, ambacho muuzaji wake alikuwa Samsung peke yake, na vihisi vya kutambua uso vilivyokuwa vigumu kuviunganisha kwa usahihi uliotakiwa. Ndugu yake, iPhone 8, ilitoka Septemba 22. X ilisubiri hadi Novemba 3. Oda zilipofunguliwa Oktoba 27, ahadi ya kufikishiwa iliruka hadi wiki tano au sita ndani ya dakika chache. Lakini kabla ya Krismasi foleni ilikuwa imenywea. Mtu aliyenunua kwa mlanguzi Novemba kwa nyongeza kubwa, Desemba aliikuta dukani kwa bei ya kawaida. Sasa jiulize: ingekuwa busara kujenga viwanda vingine vya mabilioni ya dola ili kuiondoa foleni ya majuma saba?

Hapo ndipo hesabu inapogeuka kuwa uamuzi. Mfikirie fundi cherehani wa Magomeni wiki ya mwisho ya Ramadhani. Ana vyerehani viwili. Kanzu na magauni ya watoto yamejaa hadi mlangoni, na wateja wanambembeleza na kumtisha kwa pumzi moja. Angekuwa na vyerehani kumi angewamaliza wote kabla mwezi haujaandama. Ukishaandama je? Vyerehani vinane vitakaa kimya miezi kumi na moja, vikila kodi ya fremu. Kwa hiyo hanunui. Anaongeza kijana wa kushona vifungo, anakesha, na anapanga nguo za nani zitangulie. Za mama mwenye nyumba zitatangulia.

Mahitaji ya simu mpya yana umbo la mlima: yanapanda ghafla wiki za mwanzo, kisha yanashuka na kutambaa mpaka toleo lijalo. Ukijenga kwa ajili ya kilele, unalipia mashine ambazo zitafanya kazi wiki sita. Na mashine hizi ni mbaya kuliko vyerehani, maana cherehani kitashona kanzu ya mwaka ujao, ilhali kifaa kilichochongwa kwa ajili ya kamera ya toleo hili mara nyingi hakifai kwa toleo lijalo. Waliojenga kwa matumaini wameumia. Apple iliahidi kuipa kampuni ya Marekani ya GT Advanced Technologies mkopo wa kama dola milioni 578 ili isimike tanuri za kutengeneza yakuti ya bandia huko Mesa, Arizona, yakuti ambayo wengi walidhani itakuwa kioo cha iPhone 6. Tanuri zilisimikwa, yakuti ikatoka na kasoro, simu ikazinduliwa na kioo cha kawaida, na Oktoba 2014 kampuni ile ikaomba ulinzi wa mahakama ya mufilisi. Baada ya kisa kama hicho, meneja gani atasimama kikaoni aseme tujenge zaidi ili mteja asingoje?

Kuna kosa jingine ambalo halina uhusiano na mashine: kubahatisha vibaya watu watataka nini. Aprili 2015 Samsung ilizindua Galaxy S6 mbili, moja bapa, nyingine, Edge, ikiwa na kioo kilichopinda pande zote mbili. Walitegemea ile bapa ndiyo ibebe jahazi. Wateja wakaenda kwenye iliyopinda, na mkuu wa kitengo cha simu, J.K. Shin, akakiri mbele ya waandishi mjini Seoul kwamba kioo kile ni kigumu kukitengeneza na mzigo utakuwa mdogo kwa muda. Kufikia katikati ya mwaka, Edge zilipoanza kupatikana, moto ulikuwa umepoa, na Samsung ikatangaza kwamba itarekebisha bei za S6 zote mbili. Neno "kurekebisha" pale lilikuwa na maana moja tu. Uhaba ule haukuwaletea heshima yoyote. Uliwala.

Google nayo, Novemba 2012, ilitoa Nexus 4 iliyotengenezwa na LG kwa dola 299. Mzigo ukaisha chini ya saa moja katika nchi kadhaa, na Januari 2013 afisa mmoja wa LG akasema hadharani kwamba makadirio ya Google yalikuwa madogo mno kwa kulinganisha na mahitaji ya Uingereza na Ujerumani. Mwenye shughuli anamlaumu mpishi, mpishi anasema uliniambia wageni hamsini.

Lakini kisa ninachokirudia kichwani ni cha ile fotini promaksi yenyewe, kwa sababu kule Aggrey hakuna aliyejua kilichokuwa kinaendelea Zhengzhou.

Zhengzhou ni mji mkuu wa mkoa wa Henan, katikati ya China, mbali na bahari. Tangu 2010 Foxconn ina kiwanda pale kilichokua hadi kuitwa mji wa iPhone. Wafanyakazi wapatao 200,000 walikuwa ndani yake vuli ya 2022, wakiunganisha sehemu kubwa ya iPhone 14 Pro na Pro Max za dunia nzima. Kitu kimoja, mahali pamoja. Ilikuwa ni ujanja wa hali ya juu wa uzalishaji: vipuri vyote vinafika langoni, uwanja wa ndege uko jirani, serikali ya mkoa inasaidia kutafuta vibarua. Gharama inashuka na kasi inapanda. Udhaifu wa mpango huo ulikuwa mmoja, nao ni kwamba hakuna pa kukimbilia.

Oktoba, uviko ukaingia kiwandani. China bado ilikuwa na sera ya kutokubali hata mgonjwa mmoja, na Foxconn ikafungia wafanyakazi ndani: unatoka bwenini unaingia kazini, unatoka kazini unaingia bwenini. Mabwalo ya kulia yakafungwa, watu wakawa wanakula chakula cha boksi vyumbani. Uvumi ukawa mwingi kuliko taarifa. Mwishoni mwa mwezi, video zikaanza kusambaa: vijana wanaruka uzio wa kiwanda, wanatembea kandokando ya barabara kuu na kukatiza mashamba, wengine wakiburuta masanduku ya matairi kwenye matuta ya udongo, kurudi vijijini kwao. Wakazi wa maeneo ya njiani walikuwa wakiweka chupa za maji na vyakula kando ya barabara, na kibao kilichoandikwa kwamba ni kwa ajili ya wafanyakazi wa Foxconn wanaorudi nyumbani.

Novemba 6 Apple ikatoa tamko kwamba kiwanda kinafanya kazi chini sana ya uwezo wake na kwamba wateja wa 14 Pro watangoja zaidi. Foxconn ikatangaza marupurupu ya kuvutia vibarua wapya. Wakaja, wakakuta masharti ya malipo si yale waliyoyasikia, na usiku wa kuamkia Novemba 23 ukawa wa mapambano na walinzi na polisi, kamera zikivunjwa. Kesho yake kampuni iliomba radhi ikisema kulikuwa na hitilafu ya kiufundi kwenye mfumo wa malipo, na ikatoa yuani 10,000 kwa kila mgeni atakayekubali kuondoka. Soma tena sentensi hiyo. Kampuni yenye foleni ya wateja dunia nzima ilikuwa inawalipa wafanyakazi wasifanye kazi.

Februari 2023 Apple ikatangaza matokeo ya robo ile ya sikukuu, ambayo ndiyo mavuno yake ya mwaka: mapato dola bilioni 117.2, yamepungua kwa asilimia 5. Tim Cook alitaja sababu tatu: nguvu ya dola, uzalishaji wa China na hali ya uchumi kwa jumla. Hatuwezi kuubebesha uhaba lawama yote. Lakini anayeamini kwamba simu zile zilifichwa ili zipendwe zaidi anadai kwamba kampuni ilikubali kupoteza mauzo ya Krismasi kwa ajili ya mbwembwe. Na kumbuka, katika majira hayohayo iPhone 14 Plus ilikuwa tele madukani. Uwezo ulikuwapo, ulikuwa umewekwa upande ambao watu hawakuupenda.

Sasa turudi kwa mama mwenye nyumba wa fundi wa Magomeni. Simu zikiwa chache, zinagawanywaje? Maduka ya kampuni yenyewe hupata fungu lake, makampuni makubwa ya simu yenye mikataba ya miaka mingi hupata lao, na nchi hupangwa kwa awamu. Mwaka 2014 China haikuwamo katika awamu ya kwanza ya iPhone 6, kwa kuwa kibali kilichelewa. Simu milioni 10 ziliuzwa wikiendi ya kwanza kwingineko, Cook akasema wangeuza nyingi zaidi kama mzigo ungekuwapo, na walanguzi wakajipanga foleni Hong Kong, Tokyo na New York kuzinunua za kupeleka China bara. Ilipofika Oktoba 17 simu ikaingia China rasmi na biashara ya walanguzi ikaporomoka. Ulanguzi hufuata mstari uliochorwa kwenye karatasi ya mgawo, na mstari ukifutwa wenyewe wanarudi kwenye kazi nyingine.

Kwa upande wetu mstari ule haufutwi haraka hivyo. Barani Afrika hakuna duka hata moja la Apple yenyewe. Umoja wa Falme za Kiarabu umekuwamo katika awamu ya kwanza tangu iPhone 7 ya 2016, na ndiyo maana simu mpya hufika Kariakoo, au Luthuli kule Nairobi, ikiwa imetokea Dubai ndani ya begi la abiria, imelipiwa nyongeza ya mlanguzi wa kule, tiketi ya ndege, na ujasiri wa mbeba begi. Kijana wa London hulipia uhaba kwa miguu yake, kusimama usiku kucha nje ya duka. Sisi tunaulipia kwa shilingi, na hatuoni hata foleni yenyewe. Bei aliyonong'onezwa yule bwana mwenye funguo za gari ilikuwa foleni iliyokunjwa vizuri.

Niliahidi ule ukweli kidogo wa vijiweni. Upo, na unawahusu zaidi wauzaji wa bei nafuu kuliko wakubwa. Xiaomi ilijijenga China, kisha India kuanzia 2014, kwa mauzo ya mtandaoni ya mzigo mdogo unaoisha kwa sekunde kadhaa. OnePlus mwaka huo iliuza simu yake ya kwanza kwa mwaliko: huna mwaliko, huna simu. Wachina wenyewe wana jina la mbinu hiyo, masoko ya njaa. Ila hata hapo kuna hesabu nyuma ya mbwembwe. Kampuni changa haina fedha za kulala na stoku, na bei ya vipuri kwa kawaida ilikuwa ikishuka kadiri miezi inavyosonga. Ukiuza simu chache leo kwa faida nyembamba, na nyingi baada ya miezi sita kwa bei ileile, unakula pale vipuri vilipopungua bei. Kelele za "zimeisha!" zilikuwa matangazo ya bure juu ya hesabu hiyo.

Uhaba una mkono mwingine, nao unatugusa karibu zaidi kuliko bei ya winga. Wanunuzi wa vipuri wakinusa kwamba kitu kitaadimika, kila mmoja huagiza zaidi ya mahitaji yake, akitumaini atapewa nusu. Muuzaji anaona oda zimeongezeka maradufu, anadhani dunia imekuwa na njaa maradufu, anaukimbilia mgodi. Mwaka 2000 ndivyo ilivyotokea kwa tantali, madini yanayoingia kwenye vijisehemu vya kuhifadhi chaji ndani ya simu. Simu za mkononi zilikuwa zinapaa, Sony ilikuwa inatoa PlayStation 2, mashine yake ya michezo ya video, hofu ikashika soko, na bei ikapanda karibu mara kumi katika muda wa miezi. Tantali hutoka kwenye koltani, na koltani iko Kivu, kwa ndugu zetu wanaoongea Kiswahili cha Bukavu na Masisi. Watu waliacha mashamba, wakamiminika hadi ndani ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega kuchimba kwa koleo na karai, huku makundi yenye silaha yakitoza kila gunia. Mwaka 2001 oda za uongo zikajulikana kuwa za uongo, bei ikaanguka. Wachimbaji wakabaki na mashimo. Makundi yenye silaha yalikuwa yameshanunua risasi. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mengi juu ya biashara hiyo mwaka huohuo, na aliyekosa PlayStation yake Krismasi ya 2000 hakuwahi kuhusisha mambo hayo mawili.

Wapo wanaosema dawa ni kutengeneza simu zetu wenyewe. Nawaunga mkono kwa sababu za ajira, ila kwa suala la uhaba hoja hiyo haifiki. Oktoba 2019 Rais Paul Kagame alizindua kiwanda cha Mara Phones Kigali. Oktoba 2023 Rais William Ruto alizindua cha Athi River, chenye mkono wa Safaricom. Vijana wamejifunza kazi. Lakini kioo, chipu na memori vinatoka kulekule, na palepale kwenye mgawo wa vipuri mnunuzi mdogo wa Athi River anakutana na mnunuzi wa milioni mia. Kuwa na mpishi wako mwenyewe hakukusogezi mbele kwenye foleni ya mchele.

Na foleni ya mchele ndiyo iliyorefuka sasa. Tangu nusu ya pili ya 2025 bei ya memori imekuwa ikipanda, kinyume cha desturi ile iliyowanenepesha akina Xiaomi. Samsung, SK hynix na Micron, kampuni tatu zinazoshika sehemu kubwa ya soko la memori ya aina ya DRAM, zimeelekeza mashine zao kwenye memori za kompyuta kubwa za akili unde, ambazo wanunuzi wake hawaulizi bei. Oktoba 2025 Xiaomi ilipotoa Redmi K90, wateja walilalamikia bei, na rais wake Lu Weibing akajibu kwamba gharama ya memori imepanda kuliko walivyokadiria. Desemba Micron ikatangaza kuachana na Crucial, biashara yake ya kuwauzia watu wa kawaida. Nguo za mama mwenye nyumba zimetangulia tena, na safari hii ana nyumba nyingi.

Katika uhaba wa namna hii fotini promaksi na wajukuu zake hawaumii sana. Simu ya milioni tatu ina nafasi ya kumeza ongezeko la memori bila mteja kushtuka. Ya laki mbili na nusu haina pa kulificha. Inabidi ipande bei au ipungue ndani.

Nilipita tena kwa yule kijana wa protekta majuzi. Siku hizi ana kabati la kioo na simu kumi na tano hivi, zote za bei ya chini. Mama mmoja wa makamo alikuwa ameishika moja, akilinganisha na ya binti yake aliyoinunua hapohapo mwaka jana. Bei ni ileile, mbona hii imeandikwa 64 na ile 128?

"Ule mzigo umekwisha, mama. Huu ndio umeingia."

Akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele. Akauliza kama WhatsApp itaingia.

"Inaingia. Ila picha za harusi uwe unafuta."

Akafungua kipochi.